Eguisheim, Riquewihr, Kaysersberg au Bergheim: kuchagua kijiji chenye ngome katika mizabibu ya Alsace

Anayefika Colmar, mashariki mwa Ufaransa, akiwa na siku moja au mbili za kutembelea vijiji vya mizabibu hukabiliwa na tatizo ambalo picha haziwezi kulitatua, kwa kuwa kila kijiji hufanana na jirani yake. Kote kuna nyumba zenye mihimili ya mbao inayoonekana nje, kuta zilizopakwa rangi ya manjano, waridi au samawati, maua kwenye madirisha, viota vya korongo juu ya mapaa, na nyuma ya hayo yote vilima vilivyopandwa mizabibu kwa mistari iliyonyooka. Hata tuzo hazisaidii kuamua. Katika shindano la televisheni la kuchagua kijiji kinachopendwa zaidi na Wafaransa, Eguisheim ilishinda mwaka 2013, Kaysersberg mwaka 2017 na Bergheim mwaka 2022, ilhali Riquewihr, ambayo haimo katika orodha hiyo, ni miongoni mwa vijiji vinavyopokea wageni wengi kuliko vyote Alsace.

Kipimo kinachovitenganisha vijiji hivi vizuri zaidi ni ukuta. Katika karne ya 13 na ya 14 mabwana wa eneo hili walizungushia makazi yao ngome kwa sababu mvinyo ulikuwa mali ya kweli: ulisafirishwa kwa mashua kupitia mto Ill na mto Rhine hadi miji ya kaskazini, na aliyeutia ghalani nyuma ya ukuta alijihakikishia mapato ya mwaka. Jinsi kila ukuta ulivyochorwa, na yale yaliyoupata baadaye, huamua hadi leo mgeni atatembea vipi, ataona nini na atachoka wapi. Kwa hiyo vijiji vinne vinapimwa hapa kwa mambo matano yale yale: ngome yenyewe, historia iliyoachwa ndani yake, mizabibu na mvinyo, umati na majira, kisha usafiri. Vyote vinne viko katika wilaya ya Haut-Rhin, kwenye Njia ya Mvinyo ya Alsace iliyozinduliwa mwaka 1953, ambayo ina urefu wa takriban kilomita 170 kutoka Marlenheim kaskazini hadi Thann kusini.

Ngome yenyewe

Eguisheim ilijengwa kwa duara. Katikati pana uwanja wenye ngome ndogo ya pembe nane, na kuizunguka ngome hiyo nyumba zimepangwa kwa mizunguko, mmoja nje ya mwingine. Wakulima wa mizabibu waliegemeza nyumba zao kwenye ukuta kizazi baada ya kizazi mpaka ukamezwa na makazi, na ndiyo sababu mgeni anayeutafuta hauoni, ingawa anatembea katikati yake: kichochoro kinachoitwa Rue du Rempart kinafuata mstari wa ngome ya zamani. Kwa kuwa kichochoro hicho kinajipinda muda wote, macho hayafiki mbali, na kila hatua chache nyumba nyingine hujitokeza. Mahali kinapogawanyika pana nyumba nyembamba iitwayo Le Pigeonnier, ambayo hupigwa picha kuliko nyingine yoyote kijijini. Mzunguko mzima hauchukui hata nusu saa kwa mwendo wa kawaida, lakini kijiji hiki humlipa vizuri zaidi anayeuzunguka mara ya pili kwa upande wa pili.

Riquewihr ni kinyume chake. Hapa ukuta ulifuata umbo la mstatili, na barabara kuu moja hupanda moja kwa moja kutoka jengo la manispaa hadi mnara wa Dolder, uliojengwa mwaka 1291 na wenye urefu wa mita 25. Mnara huu unafaa kutazamwa pande zote mbili. Upande wa nje, uliomwelekea adui, ni jiwe tupu lisilokaribisha mtu. Upande wa ndani, ulioelekea wenyeji, una mbao na madirisha kama nyumba ya kuishi, kwa sababu mlinzi aliishi humo. Mbele yake liko lango la pili, Obertor, ambalo bado lina kizuizi kizito cha kushushwa kutoka juu, na pembeni uko Mnara wa Wezi, uliokuwa gereza na sasa ni makumbusho yenye chumba cha mateso. Wazazi wenye watoto wadogo wafikirie kwanza kabla ya kuwaingiza humo.

Kaysersberg haikujengwa ili ijilinde yenyewe tu. Kijiji kipo mahali bonde la mto Weiss linapofungukia uwanda, kwenye njia iliyovuka milima ya Vosges kwenda Lorraine, na aliyeishika njia hiyo alishika mlango wa magharibi wa Alsace. Ukoo wa kifalme wa Hohenstaufen, wa Ujerumani, uliipata ngome ya juu mwaka 1227, na kuta zilishuka kutoka mlimani kuukumbatia mji ulio chini. Leo kuta hizo zimebaki vipande vipande, lakini ngome ya juu bado ina mnara wake wa duara, na njia ya kuupanda ni fupi ingawa ni ya mwinuko. Chini, juu ya mto, pana daraja la mwaka 1514 lenye ukuta na matundu ya kufyatulia silaha, jambo linaloonyesha kwamba hata maji yalihesabiwa kuwa sehemu ya ulinzi.

Kwa anayetaka hasa kuona ukuta uliosimama, Bergheim haina mpinzani kati ya hivi vinne. Ngome yake ya karne ya 14, yenye mzunguko wa takriban kilomita mbili, imebaki karibu yote pamoja na minara yake, na njia ya miguu inaufuata ukuta huo huku handaki la kale likiwa limegeuzwa bustani. Lango moja tu la zamani limesalia, Porte Haute, na nje yake umesimama mti mkongwe wa tilia unaosemwa kuwa ulikuwepo tangu karne hiyo hiyo ya 14. Matembezi haya hayana duka njiani wala mtu wa kukuuzia tiketi, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoeleza vizuri kuliko yote maana ya kuishi ndani ya ngome: upande mmoja mistari ya kijani ya mizabibu, upande mwingine migongo ya nyumba, na kati yao unene wa jiwe.

Historia iliyobaki ndani

Eguisheim inajivunia mtu mmoja. Bruno wa ukoo wa Eguisheim, aliyezaliwa mwaka 1002 na ambaye mapokeo yanasema alizaliwa katika ngome ya hapa, alikuwa Papa kwa jina la Leo IX kuanzia mwaka 1049 hadi 1054. Ujumbe alioutuma Constantinople ndio uliohusika katika mfarakano wa mwaka 1054 kati ya Kanisa la Magharibi na la Mashariki, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameshafariki. Kikanisa kilichopewa jina lake kilijengwa karibu na ngome katika karne ya 19, kwa hiyo anayeingia humo asitarajie rangi za enzi za kati.

Riquewihr ilinunuliwa na mabwana wa Württemberg mwaka 1324 na ikabaki mikononi mwao hadi Mapinduzi ya Ufaransa. Hiyo ndiyo sababu kijiji kilifuata Uprotestanti katika karne ya 16 ilhali majirani kadhaa walibaki Wakatoliki. Ukitembea kwa mguu kupitia mizabibu hadi Hunawihr, mwendo mfupi upande wa kaskazini, utalikuta kanisa lililozungushiwa ukuta wake wenye minara, ambalo madhehebu hayo mawili yamelitumia kwa pamoja tangu karne ya 17. Hunawihr ni ndogo mno kushindanishwa na hivi vinne, lakini haifai kupitwa bila kusimama.

Kaysersberg ndiyo yenye historia inayotugusa moja kwa moja sisi wasomaji wa Afrika. Albert Schweitzer alizaliwa hapa tarehe 14 Januari 1875, wakati Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani, na mwaka 1913 alianzisha hospitali Lambaréné, katika nchi ya Gabon ya leo, ambako alifariki mwaka 1965 baada ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952. Karibu na nyumba alimozaliwa kuna kituo cha makumbusho kinachoeleza maisha yake. Mwafrika anayo haki ya kuingia humo akiwa na maswali, kwa sababu mtu huyo huyo aliyetibu maelfu ya wagonjwa amekosolewa kwa muda mrefu kwa kuwaona Waafrika kama wadogo wa kuongozwa, na kituo cha aina hii hufaidisha zaidi kikitembelewa kwa kumbukumbu ya pande zote mbili.

Kilomita chache kutoka hapo, juu ya kilima cha Sigolsheim, yako makaburi ya taifa ya wanajeshi zaidi ya 1,500 wa Jeshi la Kwanza la Ufaransa waliokufa katika mapigano ya kuikomboa Colmar kati ya Desemba 1944 na Februari 1945. Miongoni mwao wamo Waislamu wengi waliotoka Afrika Kaskazini, na makaburi yao yamepewa sehemu yake. Katika mapigano hayo vijiji vya Bennwihr, Sigolsheim na Ammerschwihr viliharibiwa vibaya, na ndiyo maana njia hii ya mvinyo ina nyumba za karne ya 16 mahali pamoja na nyumba za miaka ya 1950 kilomita mbili mbele. Ni makosa kuja Kaysersberg, kupiga picha daraja na kuondoka bila kupanda kilima kile. Vijiji vilivyobaki vizuri havikubaki kwa uzuri wake. Vilibahatika kuwa nje ya mstari wa mizinga, na mgeni aliyefika Sigolsheim hatazitazama tena nyumba za Riquewihr kwa macho yale yale.

Bergheim ina kumbukumbu mbili zinazogongana. Mji huu ulikuwa na haki ya kuwapa hifadhi watu waliokimbia baada ya kuua bila kukusudia, na ndani ya kuta hizo hizo makumi ya wanawake walihukumiwa kwa uchawi na kuuawa kati ya mwaka 1582 na 1683. Makumbusho madogo yanayoitwa Nyumba ya Wachawi yanasimulia kesi hizo kwa kutumia kumbukumbu za mahakama. Hufunguliwa kwa msimu, hivyo ni vizuri kuuliza mapema.

Mizabibu na mvinyo

Milima ya Vosges huzuia mawingu kutoka magharibi, na Colmar, inayopata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, ni miongoni mwa miji mikavu zaidi ya Ufaransa. Ukavu huo, pamoja na vilima vinavyotazama mashariki na kusini, ndio uliozifanya zabibu nyeupe kuwa uti wa mgongo wa eneo: karibu asilimia 90 ya mvinyo wa Alsace ni mweupe. Mashamba 51 yamepewa daraja la juu kabisa, liitwalo Grand Cru, na kila kijiji kati ya hivi vinne kina yake.

Tofauti iko kwenye udongo. Eguisheim ina Eichberg na Pfersigberg, zenye chokaa na udongo mzito, zinazofaa Gewurztraminer, zabibu yenye harufu ya waridi na viungo ambayo hata mtu asiyezoea mvinyo huitambua mara moja. Riquewihr ina Schoenenbourg, mteremko mkali ulio nyuma tu ya ukuta wa kaskazini na unaosifika kwa Riesling, zabibu nyeupe, pamoja na Sporen yenye udongo mzito zaidi. Humo humo ndani ya kuta ziko familia za watengenezaji zenye historia ndefu, ikiwemo ya Hugel iliyoanza kazi mwaka 1639. Kaysersberg na kijiji jirani cha Kientzheim wanashirikiana Schlossberg, shamba la kwanza kupewa daraja la Grand Cru mwaka 1975, lililokatwa kwa matuta juu ya miamba ya matale. Riesling yake ni nyepesi na kali kuliko ya Riquewihr. Bergheim ina Altenberg, na pembeni yake Kanzlerberg, ambayo kwa hekta zake tatu na kidogo ndiyo ndogo kuliko zote 51.

Kwa msomaji asiyekunywa pombe, jambo hili lisimzuie. Njia za miguu ndani ya mizabibu hazidai kuonja chochote, na watengenezaji wengi huuza pia maji ya zabibu. Uangalifu unahitajika zaidi mezani, na hilo ni sawa katika vijiji vyote vinne: kabichi iliyochachushwa huletwa na nyama ya nguruwe, mkate mwembamba wa flammekueche huwa na vipande vya nguruwe, na nyama ya baeckeoffe hulazwa katika mvinyo kabla ya kupikwa. Omba flammekueche ya uyoga au ya jibini ya Munster bila nyama. Hupatikana karibu kila mahali.

Umati na majira

Riquewihr hujaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hasa Julai, Agosti na Desemba, na kwa kuwa barabara kuu ni moja, watu wote huwa mahali pamoja. Kabla na baada ya saa hizo kijiji hubadilika kabisa, na ndiyo sababu nashauri anayekipenda alale hapo usiku mmoja badala ya kupita mchana. Eguisheim nayo hupokea wengi, lakini mizunguko yake huwatawanya. Kaysersberg ni mji unaoishi, wenye maduka ya mkate na shughuli za wakazi, kwa hiyo umati hauonekani kuutawala. Bergheim ndiyo tulivu kuliko zote, na wakati mwingine tulivu kiasi cha mgeni kukuta mikahawa imefungwa siku za kazi nje ya msimu.

Masoko ya Krismasi yapo Eguisheim, Riquewihr na Kaysersberg. La Kaysersberg hufunguliwa mwishoni mwa juma tu katika wiki za Majilio, na panga safari kwa kulizingatia hilo. Mavuno huwa Septemba na Oktoba. Rangi za mizabibu hupendeza wakati huo kuliko mwingine wowote, ila baadhi ya njia za mashambani hufungwa kwa wapitao ili wavunaji wafanye kazi.

Kufika na kutembea

Hakuna kijiji kati ya hivi vinne chenye kituo cha treni kinachomfaa mgeni, na Colmar ndiyo kitovu. Treni ya kasi kutoka Paris huchukua chini kidogo ya saa mbili na nusu, na kutoka Strasbourg ni kama nusu saa. Wenye pasipoti za Tanzania au Kenya wanahitaji viza ya Schengen, ambayo pia itawaruhusu kutua katika uwanja wa ndege wa Basel-Mulhouse ulio karibu.

Eguisheim iko kilomita kama saba tu kutoka Colmar, kwenye ardhi tambarare, na baiskeli inatosha. Kaysersberg na Riquewihr hufikiwa kwa basi kutoka Colmar, lakini mabasi hupungua sana Jumapili na sikukuu. Bergheim ndiyo ya mbali zaidi na ngumu zaidi bila gari. Mwenye gari anaweza kuiunganisha na ngome ya Haut-Koenigsbourg inayoonekana mlimani juu yake, iliyojengwa upya kwa ajili ya Kaiser Wilhelm II kati ya mwaka 1900 na 1908. Wanaopata shida ya kutembea wajue kwamba mawe ya barabarani ni ya kale kote, kwamba Riquewihr ina mwinuko, na kwamba Eguisheim ndiyo iliyo sawa zaidi.

Uchaguzi kwa hali yako

Ikiwa una nusu siku tu na huna gari, nenda Eguisheim kwa baiskeli au basi na usijaribu kuongeza kijiji cha pili. Ikiwa unasafiri na wazee au watoto wa kubebwa kwenye kigari, jibu ni hilo hilo.

Ikiwa ni safari yako ya kwanza Alsace na unataka kuona malango, minara na nyumba za watengenezaji wa mvinyo mahali pamoja, Riquewihr inafaa, kwa sharti kwamba ulale huko au ufike asubuhi mapema. Mpenda Riesling aliye tayari kuonja na kuuliza maswali atapata mengi kati ya Riquewihr na Kaysersberg yenye Schlossberg, na vijiji hivyo viwili viko karibu vya kutosha kwa siku moja.

Ikiwa historia ndiyo iliyokuleta, hasa historia ya Afrika na vita vya karne ya 20, weka siku nzima kwa ajili ya Kaysersberg na Sigolsheim. Familia yenye vijana wanaochoka na maduka nayo itafurahia kupanda ngome ya juu.

Ikiwa umeshaona vijiji vingine, au umati unakuchosha, au unataka kutembea kando ya ukuta bila haraka, kodi gari uende Bergheim asubuhi, uzunguke ngome kwanza kabla ya kuingia langoni, kisha upande Haut-Koenigsbourg baada ya chakula cha mchana. Kama uko huko wakati wa baridi, piga simu siku moja kabla kuhakikisha kwamba mkahawa unaoutaka utakuwa wazi.